Flashi ya kupigia Windows haichomekwi mashine ikiwa hai

Wadogo zangu mnaoanza ufundi hapa Mwanga, Kigoma, na kule Ujiji, hili nalisema tena kwa sababu bado linatokea. Kompyuta ya steshenari inapigwa Windows asubuhi, jioni inarudishwa mafolda yote yamegeuka shotikati (ikoni za kuelekeza tu). Mteja analaumiwa. Mara nyingi ugonjwa umetoka kwenye flashi ya fundi.

1. Pakua ISO (faili moja lenye Windows nzima) kwenye tovuti ya Microsoft, usichukue zile za Telegram zilizokwisha kuaktivetiwa. Ya Windows 11 inazidi GB 5, bando linauma, kwa hiyo ikishuka itunze. Kabla ya kufungua Rufus, programu ya kuandika ISO kwenye flashi, hakiki faili kwa kuandika kwenye komandi (Command Prompt): certutil -hashfile win11.iso SHA256. Zitatoka herufi na tarakimu 64. Zisipolingana na za Microsoft hata moja, futa faili.

2. Fomati ya haraka haitoshi. Inagusa partisheni tu, yaani sehemu ya kuwekea faili, sekta ya kwanza ya flashi inabaki ilivyo: baiti 512, na 446 kati ya hizo ni msimbo wa kuwashia. Hapo ndipo virusi kama Stoned na Michelangelo vilipokaa enzi za flopi. Tumia diskpart, programu ya diski iliyo ndani ya komandi: list disk, select disk, kisha clean. Soma ukubwa kabla ya kuchagua namba. Flashi ya GB 16 huonekana kama 14 au 15. Clean haikuulizi mara mbili. Ukikosea namba, umefuta diski ya mtu.

3. Hili sasa ndilo lenyewe, na mafundi wengi tumelifanya. Laptopu imetoka Kasulu, imejaa virusi lakini inawaka. Fundi anataka kuhifadhi nyaraka za mteja kwanza, na flashi iliyo mkononi ni ile ya kupigia Windows, ina nafasi imebaki. Anaichomeka. Muda mfupi tu kirusi kimeshajiandika: folda ya sources, yenye faili za Windows, imefichwa, mahali pake pamekaa shotikati yenye jina lile lile. Tofauti ni kamshale kadogo kwenye kona ya chini kushoto ya ikoni, na fundi mwenye haraka hakaoni. Sality na Ramnit, virusi vingine, ni wabaya zaidi. Wanajipenyeza ndani ya faili za .exe zenyewe, setup.exe na draiva (programu za kuendesha vifaa) zikabaki na majina yake.

Kisha anabuti (anawasha mashine kwa flashi) na kupiga Windows mpya. Kazi inakwenda vizuri, maana kubuti hakufungui shotikati, na hapo ndipo anapodanganyika kwamba flashi ni safi. Ugonjwa unaingia baadaye, Windows mpya inapokosa draiva ya Wi-Fi: anafungua flashi ile ile, anabofya mara mbili. Kesho flashi hiyo iko kwa mteja mwingine, keshokutwa kwenye maabara ya shule.

Kwa hiyo, vijana, ichomekeni mashine ikiwa imezimwa, na kwa laptopu shikilia Shift unapobofya kuzima, vinginevyo Windows 10 na 11 hulala nusu tu. Windows ya zamani isiamke flashi ikiwa ndani. Nyaraka za mteja zitoe kwa Ubuntu laivu, mfumo unaowaka kutoka kwenye flashi bila Windows, nao ukae kwenye flashi yake yenyewe, ukinakili hati na picha tu. Faili za .exe (programu), .lnk (shotikati) na .vbs (skripti) ziache zilipo.

4. Draiva zikae kwenye flashi nyingine. Kabla ya kuifungua draiva, bofya kulia, ingia Properties, kisha Digital Signatures. Draiva ya kampuni kubwa isiyo na sahihi, au yenye sahihi iliyovunjika, usiiguse.

5. Mkitaka chombo ambacho kirusi hakiwezi kujiandika: DVD-R iliyochomwa na kufungwa haiandikiki tena, na flashi yenye swichi ya kuzuia kuandika ni nzuri vile vile. Swichi ya adapta ya kadi ya SD msiitegemee: inakiambia kisoma-kadi tu kwamba kisiandike, na visoma-kadi vingine havisikii.