Usimtoroke mtoto getini

Binti yangu alianza chekechea Januari, akiwa na miaka mitatu na miezi miwili. Vya kununua nilikuwa nimenunua vyote: sare mbili, begi, chupa ya maji, soksi za kubadilisha. Nakala ya kadi ya kliniki nilishaitoa, na chanjo yake ya pili ya surua na rubella, ile ya miezi 18, ilikuwa imejazwa. Kitu ambacho sikukiandaa ni zile dakika tano za kuachana getini. Namwandikia mzazi ambaye saa hizi anahesabu wiki zilizobaki na usingizi haupati. Mimi pia nilikuwa silali, na nilipokosea, nilikosea kwa kufuata ushauri wa watu walionitakia mema.

Siku ya kwanza tulipokewa vizuri. Mwalimu akamkalisha mkekani na wenzake, mbele yao vizibo vya soda vya kuhesabia vimemwagwa. Akaokota kimoja cha bluu, akakigeuza, akakiweka, akatafuta kingine cha kufanana nacho. Mwalimu akanifanyia ishara ya macho: nenda sasa, hakuangalii. Nikavua viatu nisisikike, nikatoka kwa kunyata. Sijafika getini nikasikia ananiita. Mlinzi akasema, "Nenda tu mama, wote huwa wanalia." Nikapanda daladala, nikalia kutoka Tabata mpaka Buguruni.

Jioni nikaambiwa alilia kidogo akanyamaza. Nikamshukuru Mungu. Usiku ndipo nilipoona nilichokifanya. Alilala ameshika pindo la kanga yangu kwa ngumi, nikijigeuza tu macho yanafumbuka. Asubuhi nikaingia kuoga, akaja akakaa nje ya mlango.

"Mama, upo?"

"Nipo."

Nikajimwagia kopo moja la maji.

"Mama, upo?"

Ilikuwa hivyo wiki nzima. Huyu ni mtoto aliyekuwa akishinda kwa jirani bila hata kuniulizia. Mama yangu alikuwa amekuja kutoka Pangani kunisaidia, akanitazama siku ya tatu, akasema, "Ulimtoroka. Mtoto hatorokwi, mwanangu. Mtoto anaagwa."

Nilijitetea kwamba mwalimu ndiye aliyeniambia, kwamba nikiaga atalia zaidi. Na ni kweli, ukiaga analia zaidi, siku zile za mwanzo. Lakini nilipomuuliza mwalimu mtoto anafanya nini nikishaondoka, akaniambia kitu kilichonifungua macho: vizibo alikuwa havigusi tena. Alikuwa anakaa ameelekeza uso mlangoni. Basi nikaelewa. Tulikuwa tumemfundisha kwamba akicheza tu kidogo, mama anapotea. Akaona bora asicheze, alinde mlango.

Tukaanza upya. Niliomba ruhusa kazini niingie saa nne kwa siku chache, nikakatwa katika siku zangu za likizo, na sijajuta. Kila asubuhi nilichuchumaa tukawa tunatazamana, nikamwambia maneno yaleyale: "Mama anakwenda kazini. Wewe utacheza, utakunywa uji, utalala, ukiamka nakuja." Nikamkumbatia, nikanyanyuka, nikamkabidhi kwa mwalimu mkono kwa mkono, nikaondoka nikitembea kawaida. Sikurudi kuchungulia dirishani. Hilo la kuchungulia nakuomba sana usilifanye, maana akikuona mara moja, kesho yake atalia akitazama dirisha.

Angalia pia kwamba sikumwambia saa. Mtoto wa miaka mitatu ukimwambia utakuja saa tisa umemwambia upepo. Lakini uji anaujua. Kulala anakujua. Ulizia ratiba ya siku shuleni kwao, uchague kitu kinachotangulia saa ya kuondoka, hicho ndicho kiwe saa yake. Wangu alianza kumuuliza mwalimu, "Tumeshalala?" badala ya "Mama yuko wapi?"

Mlinzi yuleyule ndiye aliyekuwa ananipa habari. Siku ya kwanza ya kuaga, alilia mpaka uji ukaja. Siku ya tatu, "Umefika kwenye lile duka, kanyamaza." Wiki ya pili akaniambia nilikuwa sijafika hata lami. Kama unataka kujua mtoto anaendeleaje, pima muda anaoutumia kulia baada ya wewe kuondoka, wala usipime ukubwa wa sauti yake. Muda ukipungua, mnakwenda vizuri. Ukipita mwezi na haupungui, au akishaacha kulia lakini amekuwa mkimya hata nyumbani, hali chakula vizuri, anaanza kukojoa kitandani wakati alishaacha, hapo usiambiwe atazoea. Nenda ukae shuleni asubuhi nzima, uone kwa macho yako.

Sasa choo. Hakuna aliyeniambia kuhusu choo, na ndicho kilichotusumbua kuliko machozi. Katikati ya Februari akaanza kurudi nyumbani anakimbilia chooni hata begi hajavua, na mara mbili akarudi na nguo nyingine, zake zimefungwa kwenye mfuko. Tumbo likafunga. Nikamsema, Mungu anisamehe, nikamwambia wewe ni mkubwa sasa. Kumbe mambo yalikuwa matatu. Nyumbani alizoea poti, na choo cha shule ni cha kuchuchumaa, kile cha shimo pana, anaogopa kutumbukia. Chini ya gauni la sare nilikuwa namvalisha taiti ya kubana ambayo hawezi kuivua peke yake. La tatu ndilo lililoniuma: shule yao inafundisha kwa Kiingereza, na mtoto alitakiwa kuomba ruhusa ya kwenda chooni kwa Kiingereza. Sentensi ilikuwa haijamkaa. Alipokuwa anaitafuta kichwani, mkojo haukumngoja.

Nilikwenda kwa mwalimu bila ugomvi. Nikamwomba mtoto akisema "nataka kukojoa" aruhusiwe, Kiingereza atajifunza akiwa mkavu. Akakubali, na baadaye nikasikia amewaruhusu wote wa darasa lile. Taiti nikazitupa kabatini. Nyumbani tukafanya mazoezi ya kuchuchumaa kwenye choo cha nje cha jirani, nimemshika mikono yote miwili, kisha mmoja, kisha nikamwachia. Kwa hiyo unapokwenda kuangalia shule, usiishie ofisini kwenye picha za ukutani. Omba kuona choo. Uliza nani anawapeleka watoto, nani anawasafisha, na je, huenda mmoja mmoja na mtu mzima mmoja mlango ukiwa umefungwa?

Papo hapo mfundishe mtoto mwili wake. Hakuna aliye mdogo mno kwa hilo. Mpe majina ya viungo vyake, mwambie nani anaruhusiwa kumsafisha na wapi, na kwamba siri ya mwili haipo kati yake na mtu mzima yeyote, awe mwalimu, dereva wa Noah ya shule au mjomba. Ukisikia jambo la kukutia wasiwasi, namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure. Mimi nimeiandika kwenye mlango wa friji, chini ya namba ya mwalimu.

Kuhusu daftari, nitasema kwa kifupi. Kuna wazazi wanaichagua shule kwa wingi wa kurasa zilizojazwa, na mimi nilitetereka niliposikia mtoto wa mwenzangu anaandika mpaka hamsini. Lakini sera yetu ya elimu hapa Tanzania, ile ya 2014, toleo la 2023, imeweka mwaka mmoja wa lazima wa awali kabla ya darasa la kwanza, na darasa la kwanza ni miaka sita. Wa miaka mitatu hajachelewa popote. Vile vizibo vya soda mkekani, kuvipanga kwa rangi, kuviweka vitano vitano, ndiyo hesabu yake. Kazi ya nyumbani ya kuandika herufi moja ukurasa mzima niliirudisha mara mbili ikiwa nusu, na hakuna aliyetukaripia.

Nililokosea tena, na hili ni langu peke yangu, ni Machi, siku ya mvua kubwa. Foleni haikusogea, simu ikazima, nikafika saa kumi na mbili kasoro. Alikuwa amekaa na mlinzi, viatu vimeshavaliwa, begi mgongoni. Hakulia. Alisema tu, "Tulishalala, mama. Tukaamka." Nilimwomba msamaha palepale kwenye matope, kwa sababu ahadi ilikuwa yangu. Kesho yake nikampeleka bibi yake na jirani mmoja shuleni, walimu wakawaona sura, majina yakaandikwa kwenye daftari la wanaoruhusiwa kumchukua. Usitume mtu asiyejulikana kwa kupiga simu tu. Na shule inayokubali kumtoa mtoto kwa simu, iogope.

Homa na mafua vitakuja pia. Muhula wa kwanza tulikuwa shule siku tatu, nyumbani mbili. Akiwa na homa mbakishe, hata kama ada umeshalipa.

Mdogo wake anaanza Januari ijayo. Tumeshakwenda mara mbili kuiona shule, Jumamosi, hakuna watu, akapanda bembea akashuka. Taiti sijanunua. Kuchuchumaa tulianza wiki iliyopita, na dada yake ndiye anayemshika mikono.