Hakohoi tena, mbona dawa iendelee?

SWALI: Shikamoo dokta. Mwanangu ana miaka 6, ana pumu. Alipewa inhela mbili (vile vichupa vya kuvuta dawa kwa mdomo), ya bluu akibanwa na ya kahawia asubuhi na jioni kila siku. Baada ya miezi miwili akawa mzima kabisa nikaona nimpumzishe, maana mama mkwe anasema atazoea dawa na jirani kaniambia hizo ni steroidi zitamdumaza. Sasa kikohozi kimerudi, saa tisa usiku tuko macho, na ya bluu natumia karibu kila siku. Nifanyeje? (Mama Wawili)

JIBU: Marahaba mama, pole kwa kukesha. Wala usijilaumu, wazazi wengi wanaacha hapo hapo ulipoachia wewe, mtoto akishapendeza. Ila alikuwa mzima kwa sababu ya ile ya kahawia! Kwenye pumu njia za hewa zinakuwa zimevimba ndani kwa ndani hata siku anayokimbia na mpira bila kukohoa. Ya bluu inalegeza misuli iliyobana, dakika chache tu anapumua, baada ya masaa 4 hadi 6 nguvu imeisha na uvimbe uko pale pale. Ya kahawia ndo inatuliza uvimbe wenyewe, polepole, inaweza kuchukua wiki kadhaa, na ukiacha uvimbe nao unarudi polepole, ndo maana mwanzoni uliona shwari ukadhani jirani kasema kweli.

Jirani hajakosea yote. Ni steroidi kweli, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, lakini ya kuvuta, dozi ni ndogo sana, ya maikrogramu, na inafanya kazi zaidi kwenye mapafu. Kimo kinaweza kupungua kidogo, kama sentimita 1 hivi, lakini pumu isiyotulizwa nayo inadumaza, na hiyo inaweza kuua. Kuzoea hakuna, hii sio ulevi mama.

Kwa hiyo irudishe leo kama ulivyoandikiwa, na wiki hii hii mpeleke kliniki, maana ya bluu ikizidi mara 2 kwa wiki pumu haijakaa sawa. Nenda na inhela zote mbili wakuone unavyompa. Mara nyingi kosa liko hapo, dawa inaishia kwenye ulimi. Tumia spesa, lile chupa la plastiki la kuunganishia: tikisa, bonyeza MARA MOJA, avute pumzi taratibu kama tano, ndo ubonyeze tena. Spesa ioshe kwa maji ya sabuni uiache ikauke yenyewe, ukiifuta na kitambaa dawa inang'ang'ania kwenye plastiki.

Halafu hesabu. Kama kichupa kina mibonyezo 200 na anavuta 2 asubuhi 2 jioni, siku ya 50 kimekwisha, hata kama bado kinafanya fssss.

Kupunguza dozi kupo, ila daktari ndo anapunguza, kwa kawaida mtoto akishatulia kama miezi 3. Na ukiona mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi, hawezi kumaliza sentensi au midomo inageuka rangi, usisubiri kukuche, mpe ya bluu kwa spesa huku mnaelekea hospitali.

Usisahau kumsukutua mdomo kila akimaliza ya kahawia, la sivyo ataota utando mweupe. Mimi huwa nawaambia wazazi inhela ikae kikombe kimoja na mswaki, avute kwanza ndo apige mswaki, hapo hata mama mkwe atakuwa anamkumbusha.