Ya upepo au ya umeme? Niulizeni mimi niliyeumbuka

Juzi dada mmoja wa Kigamboni kaniandikia: "Kaka, nataka kuvunja sakafu ya choo cha zamani. Nichukue nyundo ya upepo au ya umeme?" Dada yangu, umenitonesha kidonda.

Mwaka jana, kwangu Tabata, nilikuwa na kazi hiyohiyo. Choo kidogo tu, zege la inchi nne. Nikawakumbuka vijana wa barabarani wanavyopasua lami, mtu anatetemeka mpaka mashavu. Nikasema hiyo ndiyo mashine. Nikaazima nyundo ya upepo, na kompresa yenye mtungi wa lita 50 kwa kijana anayejaza matairi. Shemeji akauliza, "Hiyo itaweza?" Nikamjibu, "Wewe kaa uangalie." Akakaa. Akaletewa na chai.

Ta-ta-ta-ta, kimya. Upepo umekwisha. Tunasubiri mtungi ujae. Ta-ta-ta, kimya. Mpaka adhuhuri nilikuwa nimebomoa eneo la sinia la pilau. Shemeji hakusema neno, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Presha siyo tatizo; nyundo inataka kama baa 6 (baa ni kipimo cha presha), na hata kompresa ndogo inafika. Tatizo ni wingi wa upepo: nyundo hizi zinakula mamia ya lita kwa dakika, na zile kubwa za barabarani zinapita lita 1,000. Ndiyo maana wale vijana wanakokota kompresa ya dizeli nyuma ya gari. Kichekesho ni kwamba kompresa yangu ya nguvu za farasi 2 ilikula umeme kama kilowati 1.5, sawa na nyundo ya umeme yenyewe, na mwingi ukaishia kuwa joto.

Kesho yake nikakodi ya umeme, wati 1,500. Hiyo ni uniti moja na nusu ya LUKU kwa saa, hata ukiibana bila kupumzika. Kufika saa nane sakafu ilikuwa kifusi.

Basi chukua ya umeme. Ya upepo haina mota ya kuungua wala haiogopi maji, lakini hiyo iachie wenye kompresa ya dizeli. Usitumie ekstensheni nyembamba ya televisheni; yangu nusura iyeyuke. Anzia pembeni, usikandamize, uzito wake unatosha. Nasi wanaume tuache kuchagua mashine kwa mngurumo, jamani, tunajiaibisha.

Na kama una shemeji, dada, mwalike siku ya kuzoa kifusi.