Aliyenishikia tochi

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Mume na mke waliopoeana, nani aanze kusema ili warudiane?" Nimelisoma swali hilo mara tatu, na kila mara nimekwama kwenye neno "kusema". Mmechukulia kwamba njia ya kurudi ni maneno, na kwamba kilichobaki ni kuamua tu zamu ni ya nani. Nimekaa katika ndoa miaka 19, na karibu miwili kati ya hiyo tuliishi kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Naomba basi nijibu swali ambalo hamkuliuliza: nani aanze kuitika.

Sisi hatukuwa tunagombana, na kuzungumza tulizungumza kila siku: ada ya shule, bili, nani atampeleka mtoto kliniki. Mgeni asingegundua lolote. Kilichokufa ni yale maneno yasiyo na kazi: "njoo uone", "hebu sikiliza hii", "unajua leo nimekutana na nani?" Mke wangu aliyasema kwa muda mrefu, nami nikawa najibu "mmh" bila kuinua macho, mpaka akaacha. Siku aliyoacha siikumbuki, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Baadaye sana nilisoma habari za mwanasaikolojia wa Marekani, John Gottman, ambaye pamoja na wenzake aliwachunguza maharusi wapya na kuwafuatilia kwa miaka 6. Alihesabu ile miito midogo ya kila siku ambayo mtu humtupia mwenzake. Wanandoa waliodumu walikuwa wameiitikia, kwa wastani, miito 86 katika kila 100. Walioachana waliitikia 33. Nilipoiona ile 33 nilijiuliza kama hata mimi ningefika huko.

Vikao tulijaribu. Mke wangu aliomba tukae, nami nilikaa, nikakunja mikono na kutazama sakafu. Yeye aliona dharau, kumbe moyo wangu ulikuwa unadunda kama wa mtu anayekimbizwa. Gottman huyohuyo anaeleza kwamba anayegeuka jiwe katikati ya mazungumzo mara nyingi mwili wake umezidiwa, na kwamba anahitaji angalau dakika 20 za kutulia kabla hajaweza kusikia lolote. Sisi hatukulijua hilo. Yeye alinifuata kwa maswali, mimi nikazidi kurudi nyuma, na kila kikao kilituacha mbali kuliko kilivyotukuta.

Kisha ukaja usiku wa bomba. Ilikuwa yapata saa tano, watoto wamelala, nikasikia maji yakidondoka ndani ya kabati la chini ya sinki. Nilitoa kila kitu kilichokuwa mle, nikaweka ndoo, nikalala chali kichwa kikiwa ndani na miguu sakafuni. Nilikuwa na spana moja na ule utepe mweupe wa kuzibia, lakini sikuwa na mkono wa tatu wa kushika tochi. Sikumwita. Alikuja mwenyewe, akapiga magoti, akaichukua tochi kinywani mwangu, maana nilikuwa nimeing'ata kwa meno.

Nilifungua nati, nikafuta kutu kwa kitambaa, nikaanza kuzungusha utepe, na utepe ukawa unateleza kwa sababu vidole vilikuwa vimelowa. Nilirudia mara nne au tano. Katikati ya kurudia huko ndipo nilipotambua jambo: mwanga ulikuwa unatangulia mkono wangu. Nikitaka kugeukia kiungo cha nyuma, tochi ilikuwa imeshafika huko. Nikisita, nayo ilisita. Mtu niliyeamini kwamba ameacha kunitazama alikuwa anajua mkono wangu utakwenda wapi kabla sijaupeleka. Nililala pale, maji yakinidondokea shingoni, nikashindwa kuendelea.

Nikamwuliza, "Mama, mkono umechoka?" Lilikuwa swali la kwanza kwa miezi mingi lisilohusu watoto wala fedha.

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haujachoka, baba."

Nilikusudia kuishia hapo na kuwaambia wasomaji wenzangu kwamba vikao havina faida, waitikiane tu. Lakini kabla ya kutuma nilimwonyesha mke wangu, kwa kuwa siri ni ya wawili, naye akasema nimeandika nusu. Alinikumbusha kwamba baridi yetu haikuanza kwa "mmh". Ilianza baada ya mama yake kufariki. Mimi nilishughulikia kila kitu cha mazishi, kisha nikamwacha peke yake na msiba wake nikidhani huko ndiko kumheshimu. Sikuwahi kumwuliza anamkumbuka mama yake kwa lipi. Wiki kadhaa baada ya usiku wa bomba tulikaa, naye akanieleza hayo yote, nami nikamwomba radhi. Anasema alirudi siku hiyo. Tochi, anasema, ilinifungua mimi.

Sina la kumpinga. Sue Johnson, mwanasaikolojia aliyefanya kazi Kanada na kushiriki kuanzisha tiba ya wanandoa inayotazama hisia katika miaka ya 1980, alifundisha kwamba chini ya ugomvi mwingi wa ndoa kuna swali moja: "Nikikuhitaji, utakuwepo?" Mke wangu aliniuliza swali hilo msibani bila kulitamka, na hakuna bomba ambalo lingelijibu kwa niaba yangu.

Kwa hiyo nalazimika kulegeza msimamo nilioanza nao. Nani aanze kusema? Aliyeumia aseme, lakini yule mwingine atangulie kuitika kwa siku nyingi, ili maneno yakija yakute mlango uko wazi. Nasema hivi kwa ndoa iliyopoa tu. Penye vipigo, vitisho au matusi ya kudhalilisha, mtu asiambiwe akashike tochi. Atafute usalama kwanza. Tena kuna nyumba ambamo aliyeitika kwa miaka yote ni mmoja tu, na huyo simwambii aongeze bidii.

Mke wangu ameniomba nisahihishe jambo moja la mwisho. Usiku ule mkono ulikuwa umechoka sana, hata vidole vilikuwa vimekufa ganzi. Alisema haujachoka kwa sababu aliogopa kwamba akikubali nitainuka, nichukue tochi, na tutarudi kila mtu upande wake.