Ukitaka kutembea vilima vya Shela, tazama maji kwanza

Wageni wanaotaka kutembea vilima vya mchanga vya Shela, kijiji cha hapa kisiwani Lamu, huniuliza habari ya viatu. Wavae raba au ndara? Mimi huwauliza kwanza mwezi umeandama lini. Hapa Lamu mtu hapangi safari ya ufuoni kwa saa ya mkononi peke yake, kwa sababu ufuo wenyewe haupo saa zote. Maji yakijaa unabakiwa na ukanda mwembamba wa mchanga laini unaomeza mguu mpaka kifundoni, na mwendo wa saa moja unakuwa wa saa mbili.

Kutoka Shela, ufuo unakwenda kiasi cha kilomita 12 kuelekea upande wa kijiji cha Kipungani, magharibi ya kisiwa. Vilima vinaufuata kwa nyuma, vikipanda na kushuka, vingine vitupu, vingine vimeota vichaka na mikoma. Anayetaka kuvijua vizuri atembee ufuoni sehemu kubwa ya safari, apande juu mahali pachache palipo na njia, kisha ashuke. Kuvivuka vyote kwa juu kutoka mwanzo hadi mwisho ni kujichosha bure, na kuna sababu nyingine kubwa zaidi ambayo nitaieleza.

Siku nzuri ni za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, yaani mwezi mosi hadi wa nne hivi, na tena kuanzia tarehe 15 hadi 18 za mwezi huohuo wa kuandama. Siku hizo maji hujaa alfajiri, karibu saa kumi au saa kumi na moja, na hupwa kabisa kwenye saa nne na nusu asubuhi. Maana yake ukiondoka Shela saa kumi na mbili na nusu, unatembea na maji yanayorudi nyuma. Kila hatua ufuo unazidi kupanuka, na mchanga ulioachwa na maji ni mgumu, kisigino kinagonga wala hakizami. Tembea hapo hapo penye unyevu, si karibu sana na mawimbi na si juu penye mchanga mkavu. Siku za maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: maji yanajaa asubuhi ya katikati, jua nalo limeshakuwa kali. Siku kama hizo usiende Kipungani kwa miguu. Panda kilima kimoja karibu na Shela jioni, utazame mkondo na kisiwa cha Manda upande wa pili, urudi.

Bahari imeshawafundisha wengine somo hili kwa ukali. Katika Vita vya Shela, miaka ya 1810, majeshi ya Pate na Mombasa yalishuka hapa kuipiga Lamu. Waliposhindwa na kukimbilia vyombo vyao, maji yalikuwa yamepwa na vyombo vimekaa mchangani. Wengi walimalizwa papo hapo ufuoni. Upepo ukihamisha mchanga, mifupa huonekana mara nyingine. Ukiiona, iache ilipo na upite kwa adabu. Hao ni maiti za watu, na vizazi vyao wapo.

Juu ya kupanda kwenyewe nina machache. Kusi huvuma kutoka baharini na kusukuma mchanga kuelekea bara, basi ubavu unaotazama bahari huwa na mteremko wa taratibu na mchanga ulioshikana, na ubavu wa ndani huwa mkali na laini. Panda kwa upande ulioshikana, kwa mshazari, hatua fupi. Kufikia saa nne mchanga wa juu unachoma. Makubadhi au ndara hazitakusaidia maana mchanga unaingia, kwa hiyo vaa raba na soksi. Maji chukua lita tatu kwa kila mtu. Hakuna duka njiani, hakuna kivuli cha maana, na tende na mahamri machache yanatosha kwa njaa.

Usiogelee huko mbali. Ukishapita pembe ya Shela, bahari ni wazi, haikingwi na kisiwa wala mwamba, na wakati wa kusi mawimbi yake si ya kuchezea. Wala usiende peke yako. Ufuo ule ni mrefu na mtupu, mguu ukiteguka hakuna wa kumwita. Tafuta kijana wa Shela akuongoze, mkubaliane malipo kabla, na uwaambie wenyeji wako unakwenda wapi na utarudi kwa chombo gani.

Sasa ile sababu kubwa ya kutovivuka vilima vyote kwa juu. Ukifika juu ya kilima, chagua mahali patupu pasipoota kitu, fukua mchanga kwa mkono mpaka kiwiko kiingie. Juu unaunguza vidole. Chini kidogo unakuwa vuguvugu, kisha unabadilika rangi, unakuwa mweusi-mweusi, wa baridi, na unashikana ukiufinya. Hata katikati ya kaskazi, mvua haijanyesha wiki nyingi, unyevu huo upo. Ufukie tena ukimaliza.

Unyevu huo ndio uhai wa Lamu. Kisiwa hiki hakina mto. Masika yakinyesha, mchanga wa vilima hauachi maji yatiririke baharini; unayanywa papo hapo na kuyapeleka chini, na huko yanakaa juu ya maji ya chumvi kama samli juu ya mchuzi, kwa kuwa maji matamu ni mepesi. Visima vya Shela vinavyolisha mji wa Lamu vinachota katika akiba hiyo. Ukiondoa mchanga, au ukivuta maji kupita kiasi, chumvi inapanda kushika nafasi, na kuirudisha chini huchukua muda mrefu mno. Watu wanautazama mji wetu wa kale, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, wanapiga picha milango, na hawajui kwamba maji ya chai wanayokunywa yanatoka kwenye vilima hivi.

Kwa hiyo naomba, na naomba kwa dhati: shika njia iliyokwisha kukanyagwa. Ile mitambazi yenye maua ya zambarau inayoshuka kuelekea ufuoni ndiyo inayoushika mchanga usipeperuke. Ukiikanyaga inakatika, upepo unapata mlango, na kilima kinaanza kuhama. Usiteleze kwenye miteremko iliyoota. Usikubali mtu akupandishe huko kwa pikipiki hata akikupa bei nafuu. Taka zako zote rudi nazo, hata kokwa za tende na karatasi, kwa sababu kinachofukiwa pale kiko juu ya kisima. Na anayetafuta kiwanja cha nyumba juu ya vilima, ajue anajenga juu ya maji ya kunywa ya maelfu ya watu. Mimi naona jambo hilo halifai hata akiwa na hati kumi.

Kipungani utafika karibu saa nne au saa tano. Ingia kijijini ukiwa umejistiri, wanaume wavae mashati, wanawake wajitande hata kanga, na anza kwa salamu: shikamoo kwa wazee, na hodi kabla ya kusogelea baraza. Akina mama wa hapo ni mafundi wa kusuka. Mmoja huwa anasuka ukili, ule utepe wa kushonea mikeka, bila kuutazama, vidole vinapishanisha miyaa huku anakuuliza umetoka wapi na wazazi hawajambo. Ukitaka mkeka au kikapu, nunua kwake hapo hapo, na usipunguze bei mpaka aibu.

Kurudi ni kwa boti, ikizunguka kwa upande wa kijiji cha Matondoni kupitia mikoko. Nahodha atakwambia mngoje maji yajae kidogo, na mngoje kweli, maana mkondo una sehemu zenye kina kidogo. Mwagize siku moja kabla, akufuate baada ya adhuhuri, na mpatane nauli ya boti nzima badala ya kichwa kwa kichwa.