Fidla zikichoma masikio, usikimbilie spika mpya

Kabla ya kushuka Luthuli Avenue na pesa mkononi, jua kwanza ukali unatoka wapi. Je, unausikia wakati wote, au okestra inapopaza tu?

Ikiwa ni inapopaza tu, shuku amplifaya. Nyimbo nyingi za redioni hukaa kiwango kimoja mwanzo hadi mwisho. Simfoni haiko hivyo. Unaongeza sauti ili usikie filimbi moja, dakika mbili baadaye tarumbeta na ngoma zinaingia pamoja na amplifaya inaishiwa nguvu. Wimbi la sauti linakatwa vilele, na mkato huo unazaa sauti za juu ambazo hazimo kwenye rekodi. Zinaishia kwenye twita, ile spika ndogo ya sauti za juu, na ukizidi kuilazimisha itaungua. Punguza sauti, rudia kifungu kile kile: ukali ukiisha, tatizo ni nguvu. Soma pia ohm (kipimo cha ukinzani wa umeme) nyuma ya spika; za ohm 4 huichosha mapema amplifaya iliyoundwa kwa ohm 8. Zile wati maelfu za PMPO (nguvu ya kilele cha kufumba na kufumbua) kwenye boksi ni za kuuzia, tafuta RMS, nguvu inayodumu.

Ukali wa wakati wote mara nyingi ni waya au vitufe. CD iliyochomekwa PHONO lazima ikwaruze, kwa sababu tundu hilo hukuza ishara hafifu ya santuri takriban mara 100; hamishia tundu la AUX. Zima LOUDNESS, kitufe kinachoongeza besi na sauti za juu, na ekwalaiza ya simu. Nyekundu iende kwa nyekundu katika spika zote mbili, la sivyo besi hupotea na fidla hubaki zikipiga kelele peke yake.

Kisha chumba, na hapa fleti nyingi za Nairobi hazina huruma: vigae sakafuni, kuta tupu, dirisha kubwa. Piga kofi moja. Ukisikia mlio unaotetemeka, tandika zulia kati ya spika na kiti, tundika pazia zito. Twita ikikuelekea usoni, igeuze pembeni kidogo.

Kwa santuri, ukali ukizidi karibu na lebo, safisha sindano na upime uzito inaokandamiza nao santuri kama mtengenezaji alivyoagiza. Uzito ukiwa mdogo mno, sindano hurukaruka mferejini na kuukwangua. Ikiwa imechakaa, badilisha. Hiyo ndiyo pesa ya kwanza inayostahili kutoka.