Paka mzee mwenye kisukari akigoma kula

Paka wetu Shaba alikuwa na miaka 13 tulipoambiwa ana kisukari, na dalili iliyotupeleka kwa daktari wa mifugo ilikuwa ulafi. Alikula, akadai tena, akanywa maji bila kukoma, na bado alizidi kukonda hata ukimpapasa mgongo unahesabu mifupa. Kwa hiyo miezi kadhaa baadaye, tukiwa tumeshazoea insulini kila baada ya saa 12, siku alipoacha chakula nilifurahi. Nilijua dawa imemkaa na ule ulafi umekwisha.

Asubuhi ile nilimchoma dozi yake kamili, kisha ndiyo nikamwekea chakula. Akanusa, akageuka, akaenda kulala. Nikaacha bakuli pale nikiamini atarudi. Kabla ya adhuhuri nilimkuta katikati ya chumba, miguu ya nyuma inayumba, mboni zimetanuka, analia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Insulini haingoji tumbo lijae. Ikishaingia mwilini inashusha sukari tu. Kipimo kilisoma 2.5, na paka akishuka chini ya milimoli 3.3 hivi kwa lita yuko hatarini. Nilimpaka asali kwenye fizi kwa ncha ya kidole, kidogo kidogo, huku mwenzangu akimpigia simu daktari. Usimmiminie kitu mdomoni paka aliyelegea, kitaingia kwenye mapafu.

Tangu siku hiyo Shaba hula kwanza, sindano baadaye. Asipokula, sindano inabaki kwenye friji mpaka nizungumze na daktari. Wakati mwingine ataagiza nipunguze dozi, wakati mwingine niiruke. Nisichofanya ni kuamua peke yangu, maana kuacha insulini siku mbili tatu nako ni hatari: mwili ukikosa njia ya kutumia sukari huchoma mafuta, na ketoni, yaani mabaki ya mafuta hayo yaliyochomwa, hujaa kwenye damu. Paka wa namna hiyo hulegea, hutapika, huhema haraka, na pumzi yake huweza kunuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi au kama dawa ya kufutia rangi ya kucha. Hapo hata kama ni usiku wa manane, mpeleke. Mimi huweka nyumbani vijiti vya kupimia ketoni kwenye mkojo, kwa sababu si kila pua huikamata harufu hiyo.

Na hata ukiiweka insulini kando, paka hakuumbiwa kufunga. Akikaa siku mbili au tatu bila kula, hasa aliye mnene, mafuta hukimbilia kwenye ini na kulielemea. Ukiona fizi au ngozi ya ndani ya masikio imegeuka manjano, umeshachelewa kiasi. Kwa paka mzee mwenye kisukari mimi singoji hata saa 24.

Ukishampigia daktari simu, kaa umtazame paka wako *anavyokataa* chakula. Hili ndilo lililotusaidia sisi kuliko kipimo chochote. Shaba, siku zilizofuata, alikuwa akikimbilia bakuli, anatia mdomo, anachukua tonge, halafu analiachia lidondoke na kutikisa kichwa upande mmoja. Yule alikuwa na njaa, ila alikuwa na maumivu. Paka mwenye kichefuchefu hafanyi hivyo: hujilamba midomo, humeza mate, hukwepa hata harufu. Aliyezibwa pua na mafua naye hukaa mbele ya chakula kana kwamba hakioni, kwa kuwa paka hula kwa pua kwanza. Kongosho lililovimba, figo zinazochoka, choo kigumu, maambukizi ya mkojo, vyote humkalia paka wa umri huu. Kwa Shaba lilikuwa jino la nyuma lililooza hadi kwenye mzizi. Alipopimwa mara ya kwanza mdomo wake haukufunguliwa. Omba ufunguliwe.

Nyumbani fanya yanayowezekana. Pasha chakula laini kifikie joto la mwili wake, nyuzi 38 hivi, harufu ipande. Tumia sahani bapa isiyobana sharubu, mbali na sanduku la choo, na baada ya dakika 20 iondoe. Kama anakataa chakula maalumu cha kisukari, mpe anachokipenda. Siku hiyo kula chochote kunatangulia lishe bora. Supu yenye kitunguu au kitunguu saumu hapana, ni sumu kwake, na parasetamoli inaua paka. Usimshindilie chakula kwa nguvu. Nilijaribu mara moja, na kwa wiki nzima alikuwa akikimbia akiniona na kijiko.

Muulize daktari kuhusu dawa za kichefuchefu na za kuamsha hamu. Kuna hata mafuta ya mirtazapini, dawa ya kuamsha hamu, yanayopakwa kwenye ngozi ya upande wa ndani wa sikio, raha kwa paka anayechukia vidonge. Mkumbushe kila mara kwamba mgonjwa ana kisukari, maana baadhi ya dawa za kuongeza hamu hupandisha sukari, na dawa za jamii ya steroidi huipandisha zaidi.

Jino liling'olewa. Siku mbili alilamba lamba tu, ya tatu nikaamshwa na ulimi wake ukikwangua sahani sakafuni. Sikuwa nimetarajia kilichofuata: uchafu wa jino lile ulikuwa ukiisumbua insulini muda wote, na ulipoondoka sukari ikaanza kushuka kuliko kawaida. Bahati nzuri tulikuwa tunapima kila siku. Daktari akamtoa kwenye yuniti 3 hadi 2, na ndizo anazochomwa mpaka leo, akishamaliza kula.